Mtambo wa Watu Kumi na Wawili

Jumatatu, 2 Septemba 1974

Nyumbani tuko mmoja. Mimi.

Mabruka bado yuko Ngara kwa kakake. Aliondoka akisema anakwenda kufua tu. Mara ya kwanza alichukua beseni na nguo nyeupe. Nikaona sawa. Jumamosi iliyofuata akachukua kofia anazoshona, sindano zake na pasi. Nikaona sawa pia. Kisha Waridi na Mgeni wakamfuata mama yao, kwa sababu sare za shule nazo zinataka maji mazuri. Leo nimefungua kabati kutafuta mswala. Haupo. Hakuna hata mmoja. Mtu haendi kufua na miswala.

Kisa ni maji. Kisima chetu hapa Kabiria, tulichochimba kwa shirika na jirani yangu Kilonzo, kina maji tele, lakini ni magumu. Sabuni haitoi povu, inakatika kama maziwa yaliyochacha. Birika limeota ukoko mweupe ndani. Nywele zikikauka zinakuwa kama makumbi ya nazi. Yote hayo Mabruka aliyavumilia. Kilichomshinda ni kofia. Anashona kofia za vito, zile za kuvalia kanzu, kazi ya mkono, kitundu kwa kitundu, na moja inaweza kumla miezi. Wateja wake ni watu wa mjini, wenye maduka karibu na msikiti. Akimaliza lazima aifue mpaka ing'are. Ya mwisho aliifua kwa maji yetu ikatoka na rangi ya jino la mzee. Mteja mwenyewe akaikataa. Mabruka hakulia. Aliikunja, akaiweka kapuni, na Jumamosi ile akaenda Ngara kwenye maji ya mfereji wa jiji.

Ningependa kuandika hapa kwamba kuhamia Kabiria kutoka Ngara lilikuwa wazo letu sote. Haikuwa hivyo. Nilimwonyesha ufunguo wa nyumba. Nikamsifia shamba la mboga, hewa safi, chumba cha watoto. Aliuliza jambo moja tu, maji ya huko yakoje. Nikasema ni mengi.

Ramadhani inaingia baada ya wiki mbili. Sitaki kufuturu peke yangu. Nimepata mpango.

Jumanne, 3 Septemba

Saa ya chakula nilitoka kazini (ni karani katika kiwanda kidogo cha uchapaji, River Road) nikavuka barabara hadi kwa Haron, muuza mabomba na pampu. Haron ana mtambo wa kulainisha maji. Sikujua kuna kitu kama hicho duniani hadi tulipomchapia matangazo yake, nikasahihisha herufi kwa mkono wangu.

Ni mtungi mrefu wenye punje ndogondogo ndani. Maji yakipita, punje zinaushika ule ugumu. Punje zikichoka zinaoshwa kwa maji ya chumvi, uchafu unamwagwa nje, zinaanza upya. Maajabu.

Anao wa saizi mbili. Mdogo, kimo cha mtungi wa gesi. Mkubwa, uliotoka katika hoteli moja iliyofungwa, unanipita kimo hata nikivaa kofia. Haron alisema kwenye mitambo hii saizi ndiyo kila kitu. Ukichukua mdogo kuliko haja yako, unachoka upesi na maji yanarudi kuwa magumu. Ukichukua mkubwa kuliko haja yako, unakula chumvi na maji bure, na yale yanayolala ndani bila kutumika yanavunda. Basi akaniuliza: nyumbani mko wangapi?

Hapo ningesema wanne. Neno jepesi. Lakini walikuwapo wateja wengine wakisikiliza. Tena moyoni nilijua kwamba kwa siku ya leo jibu la haki ni mmoja, na hilo ndilo lililonichoma. Nikasema kumi na wawili.

Haron akanitazama kwa heshima mpya. Nilitoka dukani nikitembea kama mtu mwenye watu kumi na wawili.

Jioni nilipita Ngara. Aliyefungua mlango ni Munir, shemeji yangu, muuza vitambaa wa jumla. Anafungua mlango kama anayekufungulia benki. Mabruka alinipa chai ya rangi. Nyekundu, safi, unaona mpaka chini ya kikombe. Kwetu chai ina utando juu kama kidimbwi. Aliniuliza kama nakula. Nikasema nakula vizuri sana. Jana nilikula mkate na ndizi nikiwa nimesimama.

Nikawaeleza habari ya mtambo, ila saizi sikutaja. Mabruka akaacha kushona kidogo. Niliona. Munir akasema ameuona mmoja kwa mteja wake Westlands, na kwamba ule mdogo unatosha kabisa nyumba ya watu wanne au watano.

"Chukua mdogo, shemeji," alisema. "Usijitie makubwa."

Sijapata kusikia neno mdogo likitamkwa huku mtu ananitazama hivyo.

Nimekata shauri. Mkubwa.

Alhamisi, 5 Septemba

Bei ya mkubwa ni kubwa vilevile. Haron amekubali kupokea radiogramu yetu na nyongeza juu yake. Ni kabati la redio na santuri, la mbao ya kung'aa, miguu minne, milango ya kusukuma. Nilipoibeba kuitoa nilijisikia shujaa. Watu hutoa mali zao kwa ajili ya ndoa. Nilisahau kidogo kwamba anayeisikiliza ni Mabruka. Yeye hushona akiwa ameiwasha. Mimi huipangusa vumbi.

Mtambo umekuja kwa pikapu saa kumi jioni. Haukupita langoni umesimama wala umelala. Ilibidi kung'oa nguzo moja ya lango. Kilonzo, jirani yangu, mtumishi wa serikali na mtu wa mabega, alikuwa anatoka kazini. Akavua koti la suti, akaja kubeba pamoja nami bila kuombwa. Tulipoutua ukumbini akajipangusa jasho, akauzunguka.

"Bwana Shamsudin," akasema, "hii ni ya nyumba ama ni ya hospitali?"

Nikamwambia ni ya nyumba. Akauliza ni nani wengine wanakuja kukaa. Nikasema jamaa zangu. Akauliza lini. Nikasema karibuni. Akanitazama kwa huruma ambayo sikuipenda. Kisha akanieleza kwamba yeye amelelewa kwao Kitui kwa maji yenye chumvi kuliko haya, na hakuna kilichomdhuru ila meno. Akaonyesha meno.

Jikoni mtambo haukuingia. Bafuni ulizuia mlango. Mahali pekee ambapo bomba linapita na dari inaruhusu ni chumba cha watoto. Nimevitoa vitanda vya Waridi na Mgeni, nimeviweka nyuma ya nyumba chini ya turubai. Kwa muda.

Jumapili, 8 Septemba

Fundi amemaliza kuunganisha. Tumemimina gunia zima la chumvi ya mawe kwenye pipa lake. Mtambo una saa yake ubavuni, yenye namba na mshale. Unapanga wakati, wenyewe unajiosha wakati huo ukifika. Hotelini ulikuwa haumsumbui mtu.

Nilifungua bomba. Maji yakaja. Kwa macho ni yaleyale. Nikaingia kuoga na sabuni kiasi kilekile ambacho maji ya Kabiria humlazimisha mtu kutumia, yaani nusu mche. Povu lilitoka. Likaendelea kutoka. Lilifunika mikono, likafunika ndoo, likapita chini ya mlango likaenda ukumbini. Nilijimwagia maji, nikawa mtelezo kama kambare. Nilijimwagia tena. Mwishowe nikatoka hivyohivyo, na taulo ikaondoka na robo ya sabuni.

Lakini furaha yangu. Nilifua kanzu moja, nikaianika, ikang'aa hata nikaona aibu kwa zile nyingine. Nikachemsha chai. Ina chumvi kidogo. Utando hakuna.

Nilikwenda Ngara mchana huohuo na kanzu mkononi kama mtu anayepeleka posa. Mabruka akaishika, akaipitisha vidoleni, akainusa. Akasema ni nzuri. Akasema Jumamosi atakuja kutazama, yeye na watoto, na kwamba ataleta kofia moja aijaribu. Munir akasema atawaleta kwa gari. Hakuna aliyemwomba.

Kurudi nilikuwa na raha mpaka nikakumbuka kwamba sijamwambia habari ya chumba.

Jumanne, 10 Septemba

Mtambo umejiosha.

Niliamka nikasikia unanguruma chumbani kwa watoto kama mtu anayesukutua. Nikasema mashallah, unafanya kazi yake. Nikavaa, nikaenda kazini. Niliporudi, Nzembi, mke wa Kilonzo, alikuwa amesimama kwenye ua akiwa amejifunga kanga, kichwa chake kina povu lililokauka. Alinyoosha mkono kwenye tangi.

Tangi letu ni moja. Limekaa kwenye mpaka, nusu langu, nusu la Kilonzo. Linajazwa kwa pampu ndogo asubuhi na jioni. Kumbe mtambo wa hoteli unahitaji maji ya hoteli ili kujiosha. Umelinywa tangi lote na kulimwaga kwenye mtaro, ili uwe tayari kulainisha maji ambayo hayapo tena.

Kilonzo alikuja baadaye. Hakupandisha sauti, na hilo lilinitesa zaidi. Alisema bibi yake amekaa na sabuni kichwani tangu asubuhi. Alisema mboga zake za upande wa chini zimepata maji ya chumvi kutoka kwenye mtaro wangu na sukuma wiki imeanza kuinama. Nikataka kumwambia kwamba upande ule ardhi yake ilikuwa mbovu tangu zamani. Nikamwambia. Haikusaidia.

Tumekubaliana mtambo hautajiosha tena mpaka nimwarifu, naye ajaze madebe yake kwanza. Nimezima saa.

Alhamisi, 12 Septemba

Harufu. Asubuhi nilifungua bomba, maji yakatoka na harufu ya chombo chenye maua ya wiki jana. Haron alinionya. Maji yakilala ndani yanavunda. Mtambo umepimwa kwa watu kumi na wawili wenye kuoga, kupika na kufua. Mimi mmoja nalowesha koo lake tu.

Basi nikapata mpango. Kama mtambo hauwezi kupungua, matumizi yaongezeke. Leo nimeoga kabla ya kazi, nimeoga nilipotoka kazini, nimeoga baada ya swala ya Magharibi. Nimefua mapazia. Nimefua mapazia yaleyale tena. Nimeosha sufuria zote, pamoja na zile za sherehe ambazo hazijatumika tangu Ngara. Vidole vyangu vimekunjamana kama vya mtoto mchanga.

Kilonzo alichungulia juu ya ua, akanikuta nikiosha ngazi ya mbao. Akaniuliza kama niko sawa. Nikasema kabisa. Akasema tangi limefika chini ya nusu.

Nimesimama kidogo chumbani kwa watoto. Ukutani bado kuna alama za penseli za tulipokuwa tukipima kimo cha Mgeni. Mtambo umezifunika nusu. Zilizobaki ni za mwaka huu.

Jumamosi, 14 Septemba

Sijui nianzie wapi.

Nilitaka maji yawe mapya kabisa kwa ajili yao. Kwa hiyo jana nilimwarifu Kilonzo kama tulivyoahidiana, akajaza madebe yake, nami nikapanga saa ya mtambo ijioshe saa kumi alfajiri. Nikasukuma mshale hadi kumi. Nikalala usingizi wa mtu mwema.

Alfajiri kimya. Nikadhani umejiosha nikiwa nimelala.

Sikufikiria kwamba saa ya mtambo ni ya Kizungu. Kumi yake ni saa nne yetu ya asubuhi. Saa nne ndiyo saa waliyofika.

Munir alisimamisha gari nje. Mgeni akatoka mbio, akapita ukumbini, akaenda chumbani kwake, akasimama mlangoni. Akauliza kitanda chake kiko wapi. Nikasema kiko nje, chini ya turubai, kwa muda. Waridi, ambaye ni mkubwa na anaelewa mambo, alimshika mkono nduguye akamtoa. Mabruka alikitazama chumba. Kisha akatazama ukumbini, pale penye alama nne za miguu sakafuni.

"Radiogramu iko wapi?"

Nikamwonyesha mtambo.

Ninamjua mke wangu. Alikuwa bado amekusudia kunipa nafasi. Alitoa kofia kapuni, nyeupe, bado ina buluu ya mchoro wake, akaweka beseni chini ya bomba la jikoni, akafungua. Maji yakaja vizuri. Akaitumbukiza. Na hapohapo mtambo ukaanza kunguruma. Maji ya bomba yakadhoofika, yakageuka, yakatoka na chumvi ya bahari nzima. Nikakimbilia chumbani, nikazungusha mshale huku na huku. Nikafungua valvu moja. Nikafunga nyingine. Mtaro nje ukatiririka kwa furaha. Niliporudi jikoni, bomba lilikuwa linatoa upepo.

Mabruka alikuwa ameiinua kofia. Inachuruzika chumvi, na hakuna hata tone la kuisuuza.

"Baba Waridi," akasema, "yule muuzaji hakukuuliza tuko wangapi?"

"Aliniuliza."

"Ukamwambiaje?"

Munir alikuwa nyuma yake na sura ya mtu anayezuia kicheko. Akamtazama dadake usoni, kicheko chenyewe kikamwisha. Akatoka nje kwa watoto.

"Kumi na wawili," nikasema.

Aliikamua kofia polepole, kidogo kidogo, bila kuivunja vito.

"Tuko wanne," akasema. "Ungeniuliza mimi ningekwambia."

Walirudi Ngara kabla ya chakula. Nilikuwa nimepika biriani, kwa maji yenye chumvi, na chumvi juu yake. Nilimwona dirishani mwa gari ameipakata kofia mbichi kwenye mapaja, ameitandazia vidole isikunjike. Akaisuuze kwa maji ya kakake.

Jumapili, 15 Septemba

Nimekaa.

Kilonzo alikuja asubuhi na debe la maji kutoka akiba yake. Aliliweka mlangoni. Kuhusu sukuma wiki hakusema, wala kuhusu kichwa cha mkewe. Alikaa kwenye ngazi nami nikakaa. Akasema maneno ambayo nayaandika kama yalivyo:

"Wewe si mtu mbaya. Lakini unanunua kitu kama mtu ako na ng'ombe mia."

Nikamwambia kwamba nia yangu ilikuwa njema. Akasema nia haijazi tangi. Akaenda kanisani.

Niliwaza sana leo. Niliwaza namna nilivyomwonyesha ufunguo ule, nikiuning'iniza kidoleni, na namna alivyotabasamu kwanza kwa adabu, halafu akauliza kuhusu maji. Swali lake lilikuwa na saizi yake kamili. Jibu langu ndilo lililokuwa kubwa mno.

Nimejaribu kuvirudisha vitanda ndani nivipange kando ya mtambo. Kimoja kimeingia. Lakini mtoto akilala hapo atakuwa anakumbatia mtungi.

Jumatatu, 16 Septemba

Sikula saa ya chakula. Nilikwenda Ngara kwa miguu. Njiani nilitunga mipango mitatu na yote niliitupa kabla ya kufika, jambo ambalo si kawaida yangu.

Mabruka alikuwa barazani kwenye ghorofa, kofia ile imeanikwa juu ya sufuria ili ishike umbo ikikauka. Imekuwa nyeupe. Nilisimama nikitafuta maneno. Yalikuwa mepesi na yalikataa kutoka. Mwishowe nikamuuliza: tununue upi?

Akanitazama kuona kama ni mzaha. Akasema mdogo. Akasema na vitanda virudi ndani. Akasema kesho atakuja mwenyewe kwa Haron, kwa sababu anataka kulijibu lile swali yeye.

Munir alinisindikiza hadi chini. Alinishika bega tu. Ningependelea angecheka.

Jumanne, 17 Septemba

Haron amekubali kuuchukua mkubwa. Ana mteja mwenye bweni la wanafunzi, na watoto wa bweni hawana haya ya kutumia maji. Radiogramu imeshauzwa. Imekwenda kwenye baa moja huko huko River Road. Haron alisema ina sauti nzuri sana, na wateja wanaipenda. Mabruka aligeuka akatazama mabomba ukutani.

Kisha Haron akachukua kalamu, kwa desturi yake, akauliza nyumbani mko wangapi.

"Wanne," Mabruka akasema. Akanitazama. "Inshallah."

Hilo inshallah nimelibeba mpaka nyumbani.

Tofauti ya bei kati ya mkubwa na mdogo imebaki kwa Haron. Mabruka alisema niipitie wiki hii, tutafute redio ndogo ya betri, yoyote, ya kumfanyia sauti akishona. Nikasema hilo ni jepesi.

Jioni nilikuwa nao Ngara, watu wakapanda juu ya ghorofa kutazama magharibi. Mwezi umeonekana, mwembamba kama ukucha. Watoto walipiga kelele. Mimi nilimtazama Mabruka. Alikuwa anafunga mizigo.

Jumatano, 18 Septemba

Saumu ya kwanza. Mtambo mdogo umekaa chini ya sinki, nyuma ya pazia, na debe la chumvi kando yake. Ukijiosha haumzuii mtu kuoga. Kilonzo alikuja kuutazama, akainama, akaushika kichwa kama mtoto, akasema sasa hii ni ya nyumba.

Vitanda vimerudi. Godoro la Mgeni lina unyevu wa turubai, amelala kwa Waridi wakipigana mateke. Alama za penseli zinaonekana zote.

Tulifuturu wanne. Tambi, viazi vya nazi, uji wa pilipili manga. Chai nyekundu, nikaona chini ya kikombe. Nilitaka kuomba radhi kwa maneno marefu niliyoyatayarisha mchana kutwa. Mabruka alinizuia kwa kunijazia bakuli. Alisema amekuja kwa ajili ya mwezi huu, kisha baada ya Idi tutaona. Hakulisema kwa ukali. Hilo ndilo linaloniuma. Mtu mkali hupoa. Mtu anayesema tutaona tayari amepoa.

Nina mwezi mzima. Nimejiapia: polepole, kwa kiasi, na kuuliza kwanza. Hakuna makubwa tena.

Wakati wa kutandua alisema sharubati ya ukwaju ingekuwa tamu zaidi ikiwa baridi. Alisema hivyo tu, akaenda kuosha vikombe.

Alhamisi, 19 Septemba

Nimepita kwa Haron kuchukua ile tofauti, kwa ajili ya redio.

Redio ndogo anazo. Zipo kwenye rafu, nzuri tu, zinasema vizuri. Lakini nyuma ya duka, chini ya gunia, ana friji. Imetoka kwenye bucha moja iliyofungwa. Milango miwili. Ina vyuma vya kuning'inizia ndani, hivyo vinang'oleka. Haron anasema mtu akitaka barafu kwenye Ramadhani hii, barafu ya kweli, si mapambo, basi ni hiyo. Ile tofauti inatosha kuanzia. Iliyobaki nitaona.

Nilisimama pale nikiiona picha yote. Adhana ya Magharibi, mezani jagi la sharubati lina jasho la baridi, Mabruka anakunywa, anafumba macho kidogo, na lile neno tutaona linayeyuka lenyewe bila mtu kulitaja. Munir naye atakuja kufuturu. Atauona mlango wa kwanza. Halafu atauona wa pili.

Haron akachukua kalamu akauliza nyumbani tuko wangapi. Nilifikiri sana safari hii. Sikukurupuka. Nikahesabu wanne, nikahesabu wageni wa futari, kina Kilonzo, Munir na watu wake, na watakaokuja Idi. Nikasema ishirini, kwa tahadhari.

Inaletwa kesho mchana. Mabruka sijamuuliza. Ana saumu, sitaki kumchosha.